Kwa Mashua Kutoka Homa Bay Hadi Mfangano

Watu wa bara tunapotaka kupumzika kando ya maji, fikira zetu hukimbilia Mombasa. Tunaweka akiba mwaka mzima, tunakaa ndani ya basi usiku kucha, na turudipo tunasimulia habari za Ngome ya Yesu na za mashua zenye sakafu ya kioo. Si vibaya. Pwani ni nzuri, na mwandishi wa habari hizi ameiona na kuipenda. Lakini ni jambo la kustaajabisha kwamba katika ofisi moja ya Migori yenye watumishi zaidi ya ishirini, watu wanaoishi mwendo wa saa moja tu kutoka Ziwa Victoria, niliwapata wanne tu waliowahi kupanda mashua kwa hiari yao, yaani kwa kutembea na kutazama, si kwa kuwahi maziko ya ndugu ng'ambo ya maji.

Sababu yake haifichiki. Kwetu ziwa ni mahali pa kazi, tena ni mahali pa misiba. Nani asiyekumbuka habari za meli ya MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na mamia ya abiria? Au za kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu 228 hali gati likionekana kwa macho? Hizo ndizo ajali zilizotangazwa duniani kote. Mashua ndogo hupotea na wavuvi wawili watatu, na habari zao huishia ufuoni kwao. Makadirio yanayotajwa na wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba ziwa zima, katika nchi zote tatu, huua watu kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka. Basi mama anapomkataza mwanawe asiende majini, asicheke mtu.

Hata hivyo, maji haya ni yetu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia sita tu. Nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Katika asilimia hizo chache, kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, zimepewa fungu kubwa: ghuba, milima inayosimama ndani ya maji, na visiwa vyenye mambo ambayo wageni hutoka Ulaya kuja kuyatazama. Mzungu Speke alipolifikia ziwa mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake. Wajaluo walikwisha kuliita Nam Lolwe, na wangali wakiliita hivyo.

Tena babu zetu hawakuliogopa kama sisi. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zilikuwa zimeanza kuteremshwa majini: kwanza William Mackinnon, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill. Zilitia nanga Kendu, Homa Bay, Karungu na Muhuru, zikachukua pamba, ngozi na abiria. Karungu, ambako leo mtu wa Migori huenda kununua samaki tu, palikuwa mlango wa nchi nzima mpaka Kisii. Ndiyo sababu Wajerumani waliokuja kupigana mnamo Septemba 1914 walipitia huko. Wazee wangali wanazikumbuka safari za meli za baadaye. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na barabara zikatengenezwa, watu wakayapa maji kisogo.

Katika likizo ya Agosti tulikubaliana watu kumi na mmoja kwenda kutembea. Tulikuwamo makarani watano, mwalimu mmoja na mkewe, muuguzi mmoja, mwenye duka, na wakulima wawili wa miwa wa Awendo. Kila mtu alichanga shilingi 2,000 za kukodi mashua na kununua mafuta, mbali na chakula. Kwa bei ya safari ya Mombasa familia moja ingeweza kwenda Mfangano mara kadhaa, na sisemi hivi kwa kubahatisha, maana hesabu za ofisi yetu huandikwa na mkono wangu. Tulitoka Migori siku ya Ijumaa, tukapitia Rongo, tukalala Homa Bay chini ya mlima wa Asego ili tupate kuondoka mapema.

Alfajiri gati la Homa Bay halina makelele. Magugu maji yalikuwa yamekusanyika upande mmoja kama shamba la kijani lenye maua ya rangi ya zambarau. Mmea huu ni mgeni. Ulienea katika ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na upepo ukiusukumia ghubani waweza kuufunga mji mzima, mashua isitoke wala isiingie. Siku hiyo njia ilikuwa wazi.

Mashua yetu ilikuwa ya mbao, ya namna ile ambayo watu wa ziwani wameijenga tangu kale, yenye pua ndefu iliyochongoka mbele, isipokuwa siku hizi mbao hupigiliwa misumari na nyuma hutiwa injini. Nahodha wetu alikuwa mzee mrefu, mpole, aliyevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linakuja. Alikuwa na vijana wawili, mmoja wa injini na mmoja wa kukumba maji. Kabla hatujapanda alitandaza jaketi za kuokolea juu ya gati, akazihesabu: kumi na nne. Kisha akamvisha kila mtu kwa mkono wake na kuzivuta kamba zote kama fundi cherehani ajaribuye nguo.

Mwenye duka, ambaye ni mtu mnene, akalalamika. "Jaduong', hii inanibana. Nitaiweka magotini, maji yakichafuka nitaivaa."

"Maji yakichafuka," akasema mzee, "mikono yako itakuwa na kazi ya kushika mashua. Vaa sasa, mwanangu, au shuka sasa."

Akaivaa. Saa kumi na mbili na nusu tukang'oa nanga.

Saa mbili za kwanza mashua hufuata ufuo wa kusini wa ghuba. Nyuma yetu, ng'ambo ya ghuba ndogo, Mlima Homa ulikuwa mweusi, halafu ukawa wa buluu, halafu jua likaupiga na mifereji yake yote ikaonekana. Maji ya ghubani ni mazito, rangi yake ni kama chai yenye maziwa kidogo, kwa sababu mito huleta udongo wa mashamba yetu. Mkulima mmoja wa Awendo aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hapo ndipo mbolea yake ilipokwenda. Mnandi weusi walikuwa wamesimama juu ya miti iliyozama, mbawa wameanika. Furukombe alishuka mbele yetu, akanyakua samaki, akaenda zake bila kuijali injini. Karibu na Mbita tulipita vizimba vya samaki, mistari na mistari ya duara za nyavu zinazoelea, ambamo ngege hufugwa na kulishwa kama kuku. Kazi hii imeenea upesi katika miaka ya karibuni, kwa kuwa samaki wa kuvua wamepungua.

Palipo na mlango mwembamba kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga, katika miaka ya 1980 palijengwa tuta la mawe na udongo ili magari yapate kuvuka. Watu wa Rusinga walifurahi kufikiwa na barabara, lakini maji yakazuiwa, magugu yakajikusanya, na wavuvi wakasema samaki wamekimbia. Katika miaka ya 2010 tuta likakatwa na daraja likajengwa mahali pake, na maji yanapita tena. Sisi hatukupita huko. Nahodha alizunguka Rusinga kwa upande wa kaskazini, na saa tatu kasorobo tukashuka kisiwani.

Mtu aendaye Rusinga sharti aende Kamasengre, lilipo kaburi la Tom Mboya. Limejengwa kwa umbo la risasi, na mtu huhitaji muda kidogo kuelewa alichokiona. Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, si hapa, bali Kilima Mbogo karibu na Thika, ambako baba yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Kabla ya kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi alikuwa bwana afya wa mji wa Nairobi. Yaani alikuwa mtumishi kama sisi, mwenye kazi ya kukagua maduka na vyoo. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi aliyoisimamia ilipeleka vijana 81 Marekani kusoma. Aliuawa kwa risasi mjini Nairobi siku ya Jumamosi, 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, hajatimiza miaka thelathini na tisa. Yule karani mdogo kuliko sote, kijana wa miaka ishirini na minne, alipiga hesabu kimya kimya kwa vidole, nadhani ya miaka iliyomsalia.

Katika kisiwa hicho hicho, mwaka 1948, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kikichungulia katika mteremko, akachimbua fuvu la mnyama wa jamii ya nyani aitwaye Proconsul, aliyeishi yapata miaka milioni kumi na nane iliyopita. Yeye na mumewe Louis walizoea kuja kwa maji kutoka Kisumu, katika mashua yao wenyewe iliyoitwa Miocene Lady. Watoto wa Rusinga wangali wakiokota vipande vya mifupa iliyogeuka mawe. Mgeni asivichukue wala asivinunue: ni mali ya taifa, na sheria inakataza.

Kutoka Rusinga kwenda Mfangano ndipo safari inapobadilika. Ghuba inaisha, ziwa linafunguka. Maji yaliacha rangi ya chai yakawa ya kijani, kisha buluu, na mawimbi yakawa marefu, mashua ikapanda na kushuka polepole kama mtu avutaye pumzi. Upande wa magharibi hapakuwa na nchi tena. Mke wa mwalimu, ambaye tangu Homa Bay alikuwa ameshika ubao kwa mikono miwili, aliachia mkono mmoja, akauchovya majini, akacheka peke yake.

Mfangano ni mlima uliosimama ziwani. Wenyewe ni Abasuba, ambao wazee wao walivuka kutoka pande za Uganda na kulowea katika visiwa hivi. Leo wengi wao husema Kijaluo, na lugha ya Kisuba wanaoijua vizuri ni wazee, jambo linalowahuzunisha. Ndiyo maana wakajianzishia makumbusho ya jamii yao wenyewe. Tulishuka Sena saa tano na nusu, tukapata kijana wa kutuongoza, tukapanda kwenda Kwitone kwenye michoro ya mwambani. Njia ilitutoa jasho. Juu, chini ya mwamba ulioinama kama paa, kuna duara nyekundu na nyeupe, duara ndani ya duara, nyingine zina miali kama jua. Inadhaniwa kwamba zilichorwa na wawindaji wafupi, Watwa, waliokaa huku kabla ya watu wa leo. Wenyeji waliokuja baadaye waliliheshimu mahali hapo na kupafanya pa kuombea mvua. Kiongozi wetu alituomba tusipaguse, nasi hatukugusa. Nina hakika wengine wamegusa, maana jina la mtu limekwaruzwa pembeni kwa msumari.

Tulirudi ufuoni saa nane tukiwa tayari kuondoka. Nahodha alikuwa ameketi juu ya jiwe, akitazama nchi kavu upande wa mashariki, juu ya milima ya Gwasi. Wingu lilikuwa limesimama huko, jeupe juu, chini jeusi kama sufuria.

"Hatuondoki," akasema.

Tulidhani anatania. Juu yetu jua lilikuwa kali na maji yametulia. Akaeleza kwamba wingu la namna ile huzaliwa mchana juu ya nchi kavu, na jioni hushuka ziwani likitanguliwa na upepo. Kwamba tukiondoka saa hiyo litatukuta kati ya Rusinga na Homa Bay, ghubani, ambako mawimbi ni mafupi na yenye hasira kuliko ya ziwa kuu. Tungelala Mfangano na kuondoka alfajiri.

Hapo maneno yakawa mengi. Muuguzi alikuwa na zamu ya Jumapili mchana. Mkulima mmoja ameacha ng'ombe na kijana asiyeaminika. Mwenye duka alitoa shilingi 3,000 zaidi, akaongeza 2,000, akazishika mbele ya uso wa mzee.

"Jaduong', sisi tumekukodi. Ulituahidi kuturudisha."

"Niliahidi kuwarudisha nyumbani," akajibu. "Sikuahidi kuwarudisha leo." Na fedha hakuzitazama.

Mwandishi akiri kwamba wengi wetu tulinung'unika, kwa maana ni vigumu kumtii mtu anayekuonya juu ya mvua hali jua linakuchoma utosi. Kando yetu palikuwa na mashua nyingine, changa, iliyopakia magunia ya omena kwenda Mbita, na nahodha wake alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua. Alisema yeye anaondoka sasa hivi na nafasi iko. Mwenye duka akainuka, na karani mdogo akamfuata. Katika mashua ile hapakuwa na jaketi hata moja. Mzee hakubishana nao. Aliwafuata mpaka majini na jaketi zao mbili walizokuwa wamezivua, akawavisha tena, akavuta kamba moja moja kama asubuhi. "Hizi ni zangu," akasema. "Mtanirudishia."

Wakaondoka saa nane na dakika arobaini. Mashua ilikuwa imelala chini sana majini.

Saa kumi wingu lilikuwa limefunika Gwasi yote. Saa kumi na moja kasorobo upepo ukaja ghafula, wa baridi, ukapeperusha mchanga na kanga zilizoanikwa, na ziwa likageuka rangi. Sijaona jambo kama lile. Kutoka buluu likawa jeusi, kisha jeupe lote, na mvua ikaja juu ya maji kama ukuta unaotembea. Mashua zilizofungwa ufuoni ziligongana. Tulisimama chini ya baraza la duka moja, watu tisa, na hapana aliyesema neno. Mwalimu alikuwa anapiga simu, anapiga tena.

Habari zilifika saa moja usiku. Walikuwa karibu na Mbita upepo ulipowakuta. Injini ilimeza maji ikazima, mashua ikageuka ubavu, na kijana mwenye miwani akaamuru magunia yote yatupwe, mali ya wanawake watatu wa Mfangano waliokuwa wameyakopea fedha. Walikumba maji kwa masufuria na kwa viatu. Wavuvi wa ufuoni waliwatolea kamba. Hakuna aliyekufa. Karani mdogo alisema katika simu kwamba mwanamke mmoja alimshika jaketi muda wote, hakumshika yeye bali jaketi, na kwamba kucha zake zimelitoboa.

Tulipewa chakula cha samaki na ugali, tukalala katika nyumba ya wageni ndogo iliyo safi. Usiku wa manane mvua ilikwisha, nikatoka nje. Hapakuwa na mwezi. Wavuvi wa omena walikuwa wamekwisha kuingia majini, maana Agosti marufuku ya uvuvi wa omena, iliyoanza Aprili, imeondolewa, na taa zao zilienea upeo wa macho, mamia kwa mamia, mithili ya mji mkubwa uliojengwa juu ya maji. Omena huifuata taa, na wavu huinuliwa kutoka chini. Watu wale walikuwa wameiona dhoruba kama sisi, wakangoja ipite, wakaenda kazini.

Kwa msomaji atakayependa kwenda, machache ya kumfaa. Mashua za kukodi zinapatikana Homa Bay na Mbita, na Mbita hufikiwa kwa barabara ya lami. Anayeogopa safari ndefu ya majini aanzie huko. Aondoke alfajiri na apange siku mbili, si moja. Aulize jaketi kabla ya kuuliza bei. Asitembee pekupeku penye matete, kwani kichocho kipo. Na sisi wa Migori tunao ufuo wetu wenyewe, Karungu na Muhuru, karibu na mahali mpaka wa Tanzania unapoingia ziwani, ambapo jua likizama mtu huliona mpaka tone la mwisho. Kisiwa cha Migingo, ambacho Kenya na Uganda wamekigombania tangu mwaka 2004, tusikifanye mahali pa matembezi.

Jumapili tuliondoka saa kumi na mbili. Ziwa lilikuwa limelala kama kwamba si lile la jana, na vilele vya Gembe na Ruri vilikuwa vimeoshwa. Saa tatu na nusu tukaingia Homa Bay. Mwenye duka na karani mdogo walikuwa wamekuja kwa matatu kutoka Mbita, wamesimama gatini, nguo zao zimekunjamana. Mwenye duka alitaka kusema neno, lakini mzee alikuwa na shughuli. Alipokea jaketi zetu, kisha zao, akazitandaza chini, akazihesabu. Alipofika ya kumi na nne aliiinua, akaitazama mahali ilipotobolewa, akamwita yule kijana wa kukumba maji alete sindano.